Shangazi, chama chetu cha kompyuta tukizike au tukigeuze duka?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Makorora, Tanga mjini. Ni katibu wa chama cha watumiaji wa kompyuta. Jina lake sitalitaja. Mji wetu mdogo, na wenyewe wakisoma watajijua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tuna mkutano wa "kuamua mwelekeo wa chama". Maneno hayo nimeyachapa mimi kwenye barua ya mwaliko, na mimi niliyeyachapa sijui tunakwenda kuamua nini.

Chama kilianza mwaka 2006. Wakati huo intaneti kwetu ilikuwa ni kwenda kafe mjini, unalipia kwa dakika, na ukurasa mmoja unakumalizia hela kabla haujafunguka wote. Mwalimu wangu wa hisabati wa sekondari, ambaye ndiye mwenyekiti mpaka leo, alipewa kompyuta mbili zilizokuwa zinatupwa na ofisi moja. Akaziweka kwenye chumba cha uani kwake, Chumbageni, akatuita sisi wanafunzi wake wa zamani, mafundi redio wawili na karani mmoja mstaafu wa bandari. Tulikuwa 12. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunafungua mashine, tunapuliza vumbi, tunafundishana. Siku tuliyoweka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, menyu zikatokea kwa Kiswahili, yule karani alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Marehemu sasa, Mungu amrehemu.

Tulikua. Kuna wakati tulifika wanachama 70, ada shilingi 2,000 kwa mwezi, na viti tukiazima kwa majirani. Halafu zikaja simu janja, kila mtu akawa na kompyuta yake mfukoni, na viti vikaanza kubaki. Siku hizi tukifika 11 tunasema leo tumejaa. Kwenye mali tuna kompyuta tisa, nne ndizo zinazowaka bila kubembelezwa, na shilingi 1,860,000 zilizoko kwenye laini ya simu ya mweka hazina.

Sasa tumegawanyika mara tatu. Vijana sita, wengi wametoka vyuoni na hawana kazi, wanataka chama kiwe biashara: kozi za kulipia, steshenari, printa ya rangi, na tuombe mkopo wa halmashauri. Wanasema mashine zetu zimekufa, kwa sababu Windows 10 imeachwa na wenyewe tangu Oktoba 2025 na Windows 11 haikubali kuingia humo, kwa hiyo ziuzwe kama vyuma. Wameandika mchanganuo wa kurasa saba, na kusema kweli umeandikwa vizuri. Mwalimu na wazee wanne wanasema chama si duka, kibaki baraza la kufundishana kama kilivyoanza, na kahawa yake na kashata yake. Waliobaki wanasema hakuna haja ya kukutana, tuwe na grupu la WhatsApp basi. Grupu tayari tunalo, lina watu 86, na kinachotumwa humo ni picha za maua ya "Ijumaa Karim" na matangazo ya viwanja.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba hata hiyo kazi ya kufundishana hatuifanyi tena. Muda wetu unaliwa na watu wasio wanachama. Mama muuza mihogo ameingia analia, ametaja namba sita alizotumiwa kwenye simu, WhatsApp yake imechukuliwa na mtu anawaomba wateja wake hela. Mtoto wa watu anataka kujaza maombi ya mkopo wa chuo, siku ya mwisho. Mwingine amesahau paswedi ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini. Mjane mmoja alikuja na kompyuta ya marehemu mumewe, anataka picha tu. Wanakuja leo wanaondoka leo, hakuna anayejiandikisha wala kulipa ada. Imefika mahali paswedi zao tunaziandika kwenye kaunta buku ili wakirudi tusianze upya. Mwalimu hawafukuzi. Vijana wananung'unika, lakini nao wanawahudumia.

Mwezi uliopita kijana mmoja alimwambia Mwalimu mbele ya watu, "Mzee, wakati wenu umepita, tuachieni." Mwalimu hakujibu. Alichukua kikombe chake akaingia ndani, na Jumamosi iliyofuata hakutoka. Ana kisukari na macho yanamsumbua. Tena nasikia mwanawe aliyeko Arusha anataka kile chumba kipangishwe.

Shangazi, nipige kura upande gani? Nikiwa na vijana, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenifundisha mpaka nikapata kazi. Nikiwa na Mwalimu, chama kitakufa mikononi mwangu.

Katibu, Makorora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona ulichotaka nione, ugomvi wa wazee na vijana, na nikaanza kuchagua upande kama wewe. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapigia mstari ile aya unayosema inakuchosha. Aya nzima. Mama wa mihogo, mtoto wa mkopo, mjane na picha zake. Umeiweka kama lalamiko, katikati, baada ya mambo unayoyaita makubwa. Mimi naona barua yako ingeanzia hapo.

Nikwambie kwanza habari ya wenzenu wa mbali, maana msidhani haya yamewapata nyinyi wa kwanza. Kule California, Machi 1975, watu wachache walikutana kwenye gereji ya mwenzao mmoja, Gordon French, mji wa Menlo Park. Walijiita Homebrew Computer Club. Kompyuta ya nyumbani dukani hapakuwa na ya maana, kwa hiyo waliokuwa wanazitaka walikuwa wanaziunga wenyewe na kupeana michoro. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitokea humo. Mwishoni mwa 1986 wakaacha kukutana. Boston nako, mwaka 1977, mtoto wa miaka 13, Jonathan Rotenberg, alishiriki kuanzisha chama cha watumiaji wa kompyuta. Hicho kilikua mpaka kikapita wanachama 30,000, kina ofisi, kina wafanyakazi, kinatoa majarida. Mwaka 1996 kikafungwa.

Sikutajii hayo kukutisha. Wale walikutana kwa sababu mashine zilikuwa adimu na maarifa yake adimu zaidi. Baadaye mashine zikajaa madukani, na maarifa mtu akawa anayapata bila kwenda kikaoni. Shida iliyowaita ilipata dawa kwingine, wakatawanyika. Kwenu 2006 shida ilikuwa kuisogelea kompyuta. Hiyo imekwisha, na mkikaa kumlaumu nani aliyeua mahudhurio mtakuwa mnamtafuta mchawi wa mzee aliyekufa kwa uzee.

Sasa huyo mama wa mihogo yeye kakosa nini? Simu anayo. Bando anaweka. Mashine unayoikumbuka wewe kwa mapenzi, ile ya kupuliza vumbi, yeye haihitaji. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba zile namba sita ni ufunguo wa nyumba na haziombwi na mtu mwema. Na serikali nayo imehamia humo humo: mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni, kazi ya serikali mtandaoni, leseni ya biashara vilevile. Kijana ambaye hajawahi kuwa na barua pepe anaambiwa aweke barua pepe. Akienda steshenari atalipa, atajaziwa, ataondoka hajui alichojaziwa wala anuani ya nani imeandikwa. Akija kwenu anakaa kwenye benchi na mtu anamwonyesha. Hicho ndicho chama cha watumiaji wa kompyuta, mwanangu. Mnakifanya kila Jumamosi huku mnanuna kwamba kinawazuia kufanya kazi ya chama.

Halafu umeniandikia kwamba wanakuja leo wanaondoka leo! Mtu wa Tanga kulalamikia hilo. Mji wenu ndio wenye msemo wa waja leo waondoka leo, na waliosema hivyo wengi wao wajukuu zao wako Ngamiani mpaka sasa.

Kwa hiyo sikuambii upige kura upande gani, kwa sababu kura yenyewe imeulizwa vibaya. Zimebaki Jumamosi kadhaa kabla ya mkutano. Weka daftari mlangoni (daftari jipya, lile jingine nitalirudia) uandike kila anayeingia: amekuja na shida gani, amehudumiwa na nani, kwa muda gani, ametoka ameridhika au la. Majina yao huyahitaji. Siku ya mkutano, kabla mtu yeyote hajasema "mimi naona", soma hiyo hesabu. Mimi nina dhana yangu. Nadhani itaonekana kwamba wanaohudumia zaidi ni hao hao vijana wanaonung'unika, na kwamba Mwalimu, asiyeona vizuri skrini, ndiye anayewakaribisha watu na kuwakalisha mpaka zamu yao ifike. Lakini dhana yangu isikutoshe. Hesabu.

Sasa vijana. Nawapenda, na nina hasira nao. Kijana asiye na kazi akitaka kulipwa kwa ujuzi wake hana kosa. Mtu wa kusema "chama si duka" mara nyingi ni mtu mwenye pensheni. Ila chombo wanachotaka kupanda si chao, na hakitawafikisha. Fedha zile za halmashauri, asilimia kumi ya mapato ya ndani, zimegawanywa: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mwenyekiti mstaafu, wazee wanne na wewe katikati kitasimama kwenye foleni ipi? Waambie waunde kikundi chao cha vijana, wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata awaelekeze usajili, na wakitaka jina la biashara waende kulisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ule mchanganuo wa kurasa saba ni wao, wauchukue. Wakianza, chama kiwe mteja wao, na wao wawe wanachama wa Jumamosi. Mteja anayetaka kozi ya kulipia atawajua kupitia benchi lenu. Ni tangazo zuri kuliko yale ya viwanja.

Kwa nini nisiseme chama chenyewe kigeuke biashara? Nitakusimulia. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana kwa miaka tisa. Tulikuwa akina mama 34. Tukachanga, tukanunua maturubai mawili na viti 100 vya plastiki, ili mwenzetu akifiwa asihangaike. Vikawa vinakaa stoo wiki hata wiki. Mmoja wetu, mwenye akili nyingi, akasema tuvikodishe kwenye harusi, hela iingie. Tukapiga makofi. Na hela iliingia kweli! Tulinunua sufuria kubwa, tukanunua viti vingine 50. Mwaka wa pili akafiwa na mumewe mwenzetu mmoja, usiku wa Ijumaa, na maziko ni Jumamosi. Viti vyote 150 vilikuwa vimeshapelekwa kwenye harusi, arubuni imelipwa, na mwenye harusi alikuwa mtu mkubwa. Tukakaa chini kwenye mikeka ya kuazima, sisi wenye viti. Mfiwa hakusema neno. Hakuna aliyeiba hata shilingi, hesabu zangu zilikuwa safi kama sahani, na kikundi hakikupona. Kila nikiona watu wanataka kukodisha kitu kilichochangwa kwa ajili ya shida, naiona ile mikeka.

Kwenu itakuwa hivi: siku printa ya rangi ina kazi ya kadi za harusi 200, na mama wa mihogo yuko mlangoni analia, nani atainuka? Anayelipwa kwa kadi hawezi kuinuka. Si kwamba ana roho mbaya. Ana deni la halmashauri.

Hao wa WhatsApp sina mengi nao. Grupu libaki la kutangaza mkutano na kuulizana kama umeme upo. Aliyeibiwa WhatsApp hawezi kuja kuomba msaada kwenye WhatsApp. Na mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikawa inatafuta mtandao kwa tochi, grupu lenu la watu 86 lilikuwa wapi? Chumba cha Chumbageni kilikuwepo palepale.

Mashine zisiuzwe kama vyuma, angalau si zote. Vijana wamekwambia kweli lakini wamekwambia nusu. Ni kweli Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ni kweli Windows 11 inadai prosesa za karibuni na kitu kiitwacho TPM 2.0 ambacho kompyuta kuukuu nyingi hazina. Lakini kuachwa si kuzimika. Mashine inawaka kama jana. Ila matundu yanayogunduliwa hayazibwi tena, na kwa hiyo si mahali pa kumfungulia mtu akaunti ya mkopo wake wa chuo. Zile nne waziwekee Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows; Linux Mint kwa mfano ni nyepesi kuizoea kwa aliyetoka Windows, haiuzwi, na hutunzwa. Juu yake waweke LibreOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu. Hao vijana wa chuo wanaijua kazi hiyo, ni ya jioni moja. Na Mwalimu atafurahi kusikia kwamba LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ile ile ambayo mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri mkaona menyu za Kiswahili na karani wenu akavua miwani. Kati ya zile tano mbovu mnaweza kupata kumbukumbu (RAM) na diski za kuziongezea nguvu hizo nne. Kitakachobaki ndicho chuma.

Fedha. Hapa sauti yangu inapanda kidogo. Shilingi 1,860,000 za watu kwenye laini ya mtu mmoja! Simsemi mweka hazina wenu kwa ubaya, simjui. Nasema simu inaibiwa, mtu anaugua, mtu anafariki, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake yeye. Siku hiyo mtakwenda kumwambia mjane "zile hela zilikuwa zetu" na ushahidi wenu ni nini? Kisajilini kikundi na mfungue akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja wao awe kijana. Hili lipitishwe kwenye mkutano hata kama mengine yote yatashindikana.

Nimemweka Mwalimu mwishoni kwa sababu ndiye mgumu.

Katika barua yako yote umetaja ada, kompyuta, kahawa, kashata, mpaka maua ya Ijumaa. Sijaona mahali ulipoandika nani ananunua umeme. Miaka 20, mashine tisa, feni, taa, na watu wa barabarani wanaokuja kuchaji simu. LUKU anaweka nani? Nadhani najua, na nadhani mke wake anajua vizuri zaidi. Chumba ni chake, umeme ni wake, kahawa inapikwa na mama yule, halafu kijana anasimama uani kwake anamwambia "tuachieni". Waachiwe nini, uani kwake?

Usisubiri mkutano. Nenda kwake siku ya kazi, jioni, au asubuhi kama hujabanwa, uende peke yako. Usiende na sukari, umesema ana kisukari; pitia soko la samaki la Deep Sea umchukulie mkewe samaki changu wawili. Msalimie mama kwanza na ukae naye kidogo, yeye naye ana la kusema na hakuna aliyemuuliza. Kwa Mwalimu usiende na taarifa, nenda na swali. Mwambie: "Mwalimu, nimesikia chumba kinahitajika. Wewe unaonaje tufanye?" Kisha unyamaze. Ninyi waalimu na wanafunzi wa hisabati mnaelewana kwa kunyamaza, mtu akipiga hesabu hasemeshwi.

Huenda akakwambia chumba kibaki. Huenda akakwambia, na mimi nabahatisha hili, kwamba amechoka tangu zamani na alikuwa anangoja mtu aje amwombe. Wazee wengi wanang'ang'ania kiti kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha pa kukaa wakiinuka. Lolote atakalosema, mwombe ruhusa mtafute mahali pengine pa Jumamosi: kaulizeni maktaba ya mkoa, kaulizeni shule aliyofundisha, wakuu wa shule wengi wamepitia mikononi mwa watu kama yeye na darasa la Jumamosi jioni huwa tupu. Mkipata, awe mlezi wa chama, si kwa karatasi ya kumfunga mdomo bali awe na kazi. Kazi anayoiweza bila macho ni ile anayoifanya sasa: kumpokea mtu aliyeingia amechanganyikiwa na kumuuliza taratibu, "Ilianzaje?" Hiyo ni nusu ya ufundi wote wa kompyuta, na kijana wako wa "wakati wenu umepita" hajaifikia.

Yule kijana naye akamwombe radhi. Uani, palepale alipotamkia, na si kwa ujumbe wa simu. Akikataa, mchanganuo wake uwe mzuri namna gani, usimpe saini ya akaunti.

Mkutanoni basi, soma hesabu ya mlangoni, kisha habari ya chumba, kisha akaunti. Kura ya mwisho, kama itabaki haja, iwe moja tu: Jumamosi tutaendelea kukaa kwenye benchi, ndiyo au hapana? Ikija hapana, fungeni vizuri, mashine zipelekwe shule, fedha mgawe kama katiba yenu inavyosema, mpikiane pilau. Boston walifunga wakiwa na historia kubwa kuliko yenu na hakuna aliyewacheka.

Kisha wewe. Barua ndefu hivi, na neno "nataka" umewaandikia vijana, mjane, hata mtoto wa Mwalimu aliyeko Arusha. Kwako halimo. Umeniuliza upige kura upande gani utafikiri wewe ni sanduku la kura. Tangu una miaka 21 unaandika mihtasari ya watu. Kama umechoka, siku hiyo hiyo sema unaacha ukatibu, na umpe kalamu mmoja wa wale sita. Atajua uzito wa chama akianza kuandika nani hakuja. Mwalimu hatakuhesabia deni. Alikufundisha hisabati, hakukuoa.

Sasa ile kaunta buku. Hii isingoje Jumamosi. Daftari lenye majina ya watu na maneno yao ya siri, liko chumba cha uani ambacho kila mtu anaingia, na mnaandika humo funguo za mikopo yao, kazi zao na simu zao! Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, mwizi hahitaji sheria kusoma daftari. Kesho lichukue ukae nalo mwenyewe. Mpigie kila aliyeandikwa humo, mmoja mmoja, mwambie abadilishe neno lake la siri, na asiyejua kubadilisha aje Jumamosi aonyeshwe huku anaandika mwenyewe, wewe umegeuza uso. Wengine namba zao zitakuwa hazipatikani. Hao Mwalimu anajua wanakaa mtaa gani. Ukimaliza wa mwisho, ndipo utafute kiberiti.

Shangazi